Uzi wa Gulandam

Mehrangez ni mke wa shemeji yangu. Tumekaa nyumba moja na kupikia jiko moja tangu alipoletwa bibi harusi kutoka ng'ambo ya mto, kwa hiyo kama kuna mtu wa kumsimulia bila kumpaka rangi, ni mimi. Kwa sasa hana mengi ya kusimuliwa. Anaamka, anakamua ng'ombe, anakanda unga, anafagia, analala. Ukimuuliza habari anasema nzuri. Ukimuuliza tena anasema si nimeshakwambia nzuri.

Hakuja hivyo. Alikuja kijijini kwetu Warizun na maringo ya kutosha watu watano, kwa sababu alikuwa amesoma mpaka darasa la tano, na sisi wengine tulikuwa tukipewa karatasi tunabonyeza kidole gumba. Alikuwa anasoma kila kitu. Gazeti lililofungia sukari alilinyoosha gotini akalisoma. Mfuko wa mbolea aliusoma mbele na nyuma. Siku moja nikamwambia, wewe hata mavi ya mbuzi yakijipanga mstari utayasoma. Akacheka mpaka akaushika ukuta. Akasema, "Dada, yakijipanga vizuri kwa nini nisiyasome?"

Mimba mbili zilimtoka. Ya tatu ikakaa, na mtoto akazaliwa katikati ya theluji, msichana, mdogo mdogo hivi, tukamwita Gulandam. Mume wake, Sultan Murad, alikuwa kambini huko mpakani, akapewa habari kwa simu ya mtu. Mehrangez alimzungushia mtoto yule vitambaa na blanketi mpaka ukawa unaona pua tu, na mchana kutwa mtoto alikuwa amefungwa ndani ya susu, kile kitanda cha kubembea, kama sisi wote tulivyolelewa.

Wakati huo mhudumu wa afya wa kijiji alikuwa Safura. Safura ni mtoto wa kaka yake Durdana, mama mkwe wetu, na ni mtu mwenye akili zake. Alikuwa amepewa mizani ya kupimia watoto, lakini aliona kwamba akitutajia kilo tunamtumbulia macho tu. Basi akatandaza shuka jeupe la sufu kwenye ukuta wa chumba chake, akawa anagongelea vijisumari. Kila mwezi kijisumari kimoja, juu au chini kulingana na uzito wa mtoto, halafu uzi unavutwa kutoka kijisumari hadi kijisumari. Kila mama alileta uzi wa kwao. Mimi nililetea Rafi wangu uzi wa kahawia, rangi ya kondoo mwenyewe, maana sina muda wa mapambo. Mehrangez alileta mwekundu aliouchovya rangi kwa mikono yake. Miezi ilianzia upande wa kushoto, penye dirisha, ikaja kuishia kulia, penye mlango.

Safura alitueleza mara moja tu. Uzi ukipanda mtoto anakua, ukishuka kuna tatizo, basi. Sisi wengine hatukuhangaika kuutazama. Mtoto wangu nilikuwa nambeba, na alikuwa mzito kama gunia la ngano, sasa uzi uniambie nini? Aliyeutazama ni Mehrangez. Kila mwezi alisimama pale mlangoni, akainua uso, akausoma ukuta mzima kama alivyosoma kila kitu maishani mwake, halafu akatoka nje na uso unang'aa. Uzi wake unapanda, akasema. Watoto wa kijiji kizima wanashuka, wa kwake tu ndiye anayepanda. Mimi akaniambia kwa huruma kabisa kwamba Rafi anaporomoka.

Nikamwambia, "Aporomoke tu. Mgongo wangu ndio unaojua."

Watu walimcheka, wengine walikasirika. Wakasema huyu na darasa lake la tano sasa ameanza kuturushia maneno kwa nyuzi. Lakini hakuna aliyefikiri zaidi ya hapo. Tulidhani anaringa tu, kama kawaida yake.

Kipupwe kilipoisha, mtoto akashikwa na tumbo la kuhara, likawa linakuja na kuondoka. Mama mkwe alikuwa anamwogesha siku moja, akamgeuza, akamwona mbavu. Akasema, "Mtoto huyu anakonda."

Kwetu neno hilo halisemwi hivyo. Mtoto mchanga humtaji, hata kwa wema, bila kutanguliza jina la Mungu, sembuse kumtaja kwa ubaya mbele ya uso wake, maana hapo ndipo jicho baya linapompata. Mama alisahau kwa sababu ya hofu. Nilimwona Mehrangez akikunja uso, akamchukua mtoto akamfunika. Kesho yake Safura akaja mwenyewe nyumbani, akasema uzi unashuka mwezi wa tatu huu, mtoto apelekwe hospitali ya bondeni haraka. Mehrangez akamtazama Safura, akamtazama mama mkwe, shangazi yake Safura, akaona mambo yamepangwa. Yeye ameuona uzi kwa macho yake mawili.

Mama hakungoja. Alikwenda kumtafuta mwenye gari, akampata, akavaa shali lake la safari, akaja kusimama uani na gari linanguruma nje. Alikuwa tayari kwenda naye bonde zima, mama yule, na magoti yake yale. Mehrangez alikaa chini na mtoto mapajani.

Akasema, "Uzi unapanda. Siendi popote."

Dereva akapiga honi, akapiga tena, akaondoka. Mtoto alikufa wiki hiyo hiyo.

Kwenye msiba, mbele ya wanawake wote, Mehrangez alimnyooshea mama mkwe kidole. Hakupaza sauti. Alisema, "Mwanangu alikuwa anapanda. Wewe ulimtazama ukamtaja." Nikangoja Mama amjibu, maana mama mkwe wetu si mtu wa kunyamaza, aliwahi kugombana na mkuu wa wilaya juu ya maji ya kumwagilia. Aliinuka akatoka, na kesho yake akahamishia godoro lake kwenye kile chumba kidogo kilichopakana na ghala la nyasi. Tangu siku hiyo, mtoto akipita mbele yake, hujivuta shali akafunika macho. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Mehrangez alisema mtoto wa nyumba hii asiwekwe tena mikononi mwake, na wanaume wakakubali kwa kutaka amani. Nimezaa wawili baada ya hapo. Bibi yao amewajua kwa sauti zao tu.

Na Mehrangez mwenyewe ndipo alipokuwa huyu wa leo. Hakulia kaburini. Hakulia nyumbani. Nilimkuta mara moja ameshika sufuria ya moto kwa mikono mitupu, nikampigia kelele, akaitazama mikono yake kama ya mtu mwingine, akaiweka sufuria chini taratibu. Sultan Murad alipokuja likizo walilala chumba kimoja na hawakupata mtoto tena. Kuringa kukaisha, kusoma kukaisha. Alibaki na kitu kimoja tu, kwamba yeye hakukosea. Aliniambia hivyo mara nyingi, tena bila uchungu, kama mtu anayekwambia leo ni Alhamisi. Mtoto alikuwa anapanda, dada. Uliuona uzi. Ikawa nyumba yetu ina wanawake wawili, na mmoja wao lazima awe ndiye aliyemuua mtoto yule, na kwa miaka saba aliyehesabiwa ni yule wa chumba cha nyasi.

Mwaka huu Safura amechoka, anataka kupumzika, na kazi yake inataka mtu aliyefaulu darasa la nane. Ndiyo maana shule ya wasichana ikaanzisha masomo ya mchana kwa wanawake walioacha zamani. Mehrangez akajiandikisha, kwa sauti ile ile anayosemea kwamba unga umekwisha. Mimi nikamfuata. Ukweli, nilifuata kukaa chini saa mbili bila mtoto kunivuta nguo, lakini nimejua kusoma kidogo, na sasa naona kumbe mbolea ina maneno matamu kweli.

Mwalimu wetu ni Tahira, msichana wa watu, mdogo kuliko sisi sote, mwenye sauti kubwa kuliko umbo lake. Siku hiyo alichora kwenye ubao mstari mmoja wa kulala na mmoja wa kusimama, akaweka namba, kisha akachora mstari wa mshazari. Akasema leo tunajifunza mteremko wa mstari, na msiogope, mnaufahamu tangu mzaliwe, hapa kwetu hata kwenda chooni ni mteremko. Tukacheka. Akasema mteremko ni swali moja tu: ukisogea hatua moja kwa mbele, umepanda ngapi au umeshuka ngapi? Ukipanda ni chanya, ukishuka ni hasi. Unachukua ulichopanda, unagawanya kwa ulichotembea.

Akachora mstari mwingine, akaweka nukta mbili. Ya kwanza iko kwenye moja, juu kwenye nane. Ya pili iko kwenye nne, chini kwenye mbili. Akamwita Mehrangez ubaoni, akamwuliza mstari huu unapanda au unashuka.

Mehrangez alisimama kulia, akauangalia, akaupitisha kidole kutoka kulia kwenda kushoto. Akasema unapanda.

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka sana. Alisema anamwelewa, kila mwaka kuna mtu anasoma hivyo, hata wasichana wa asubuhi. Sisi Kurani tunaanzia kulia, Kiurdu tunaanzia kulia, na macho yameshazoea njia hiyo. Lakini grafu, akasema, haisomwi kama barua. Namba ndogo ziko huku kushoto. Kama ni siku, siku ya kwanza iko huku. Kama ni miezi, mwezi wa kwanza uko huku, na mingine inafuata kwenda kulia. Ng'ombe aliyekuwa anatoa maziwa vikombe nane mwezi wa kwanza, mwezi wa nne anatoa viwili, je, huyo anapanda?

Sote tukasema anashuka. Mimi pia nilisema anashuka, na neno lilikuwa bado mdomoni mwangu nilipoelewa. Nikamtazama Mehrangez. Alikuwa amesimama na chaki mkononi, anatazama ubao.

Akauliza kwa upole, "Na nikianzia huku kulia kwa makusudi?"

Mwalimu akafurahi, maskini, akadhani amepata mwanafunzi. Akasema jaribu mwenyewe. Anzia kwenye nne, nenda kwenye moja. Umepanda ngapi? Mehrangez akasema sita. Na umetembea ngapi? Tatu. Mwalimu akasema tatu, lakini umerudi nyuma, kwa hiyo ni hasi tatu. Gawanya.

Mehrangez akaandika. Hasi mbili. Kisha, bila kuambiwa, akafanya kwa njia ya kawaida, kutoka kushoto. Ameshuka sita, ametembea tatu. Hasi mbili. Akaziangalia zile hasi mbili mbili zilizokaa juu na chini.

"Hakuna upande wa kuutazamia ambao unapanda?" akauliza.

"Hakuna," akasema mwalimu. "Ukishuka umeshuka. Uzuri wa hesabu ndio huo."

Mehrangez akarudisha chaki mahali pake, akafuta vidole kwenye nguo, akarudi kukaa karibu yangu. Alifanya mazoezi yote yaliyobaki. Nilichungulia: alipata yote. Mimi sikupata hata moja, nilikuwa na hasira ambayo sikujua pa kuipeleka. Nilitaka kumkasirikia Safura kwa kutotuambia pa kuanzia. Lakini Safura alikuja mpaka nyumbani akasema kwa mdomo wake kwamba unashuka. Nilitaka kukasirikia darasa la tano. Sasa utaligombeza darasa?

Njiani tulitembea mpaka kwenye daraja la kamba. Nilikuwa naomba Mungu Mehrangez asiniulize chochote. Akaniuliza.

"Dada. Uzi wa Gulandam, kijisumari cha kwanza kilikuwa dirishani, sivyo?"

"Dirishani."

"Juu ya vile vingine."

"Juu," nikasema.

Akatikisa kichwa kukubali. Akasema watoto wenu wote walikuwa wanakua, kumbe, na akasema tena kwamba unga wa kesho umekwisha, inabidi twende kinuni. Nilimshika mkono, nikaona ni wa baridi na hauna nguvu, akaniachia niushike tu. Nikamwambia alie. Nilimwambia hivyo hivyo, lia, Mehrangez, mimi nipo. Akasema hana kitu cha kulia nacho. Mimi ndiye niliyelia, daraja zima.

Nyumbani hakuvua shali. Alipita jikoni, akapita uani kwenye kokwa za jozi tulizozianika, akaenda moja kwa moja mpaka kile chumba cha nyasi. Mguu wake haukuwa umekanyaga kizingiti kile tangu msiba. Nilimfuata, na sioni haya kusema kwamba nilimfuata, kwa sababu sikujua atafanya nini, na mama mkwe ni mama mkwe wangu pia.

Mama alikuwa amekaa kwenye godoro anachambua sufu kwa vidole. Alisikia nyayo zetu, akavuta shali haraka akafunika macho, akidhani tumekuja na mtoto. Akasema kwa sauti ya kutoa taarifa, "Nimeshafunika."

Mehrangez akakaa chini mbele yake. Nilidhani ataanza mbali, kama watu wanavyoanza jambo zito. Hakuanza mbali. Alisema Gulandam alikuwa anashuka. Alisema Safura alisema kweli, na Mama alisema kweli, na yeye aliusoma uzi kinyume, kuanzia mlangoni kama mtu anavyosoma barua, na leo amejaribu kuusoma kwa kila upande na haupandi. Alisema mtoto alikuwa mgonjwa wa tumbo, alikuwa anaisha siku nyingi kabla hajatajwa na mtu. Alisema lile gari lilikuwa limefika mpaka mlangoni. Alisema yote hayo kwa sauti moja, kama anasoma.

Vidole vya Mama vikaendelea kuchambua sufu, halafu vikasimama.

"Kwa hiyo si mimi?" akauliza.

Hapo nikakaa kwenye kizingiti. Miaka yote hiyo mimi nilidhani anajua. Nilidhani amehama kwa hasira, kwa kiburi cha mtu aliyesingiziwa, na kwamba ndani ya moyo wake anatuhukumu sote. Kumbe alisadiki. Mama yule aliyetafuta gari, aliyesimama uani na magoti mabovu, alikaa humu na nyasi akiamini kwamba alimuua mjukuu wake kwa kumtazama.

"Si wewe, mama," akasema Mehrangez. "Ni mimi."

"Ulikuwa mtoto," akasema Mama. Kisha akasema, si kwa Mehrangez wala kwangu, kana kwamba anaendelea na mazungumzo ya zamani na mtu mwingine, kwamba alikuwa anawaogopea wale watoto wangu wadogo wawili. Akisikia sauti zao uani alikuwa anaogopa macho yake yataponyoka yawatazame. Madaktari wa macho walipokuja mwaka juzi na hema lao, na mume wangu akambembeleza aende akatolewe utando mweupe ulioanza machoni, alikataa. Sisi tulisema ni ukaidi wa uzee.

"Nilisema afadhali yazimike," akasema. "Yakizimika hayatamdhuru mtu."

Uso wa Mehrangez ulikuwa ule ule wa kukanda unga. Lakini alinyoosha mkono, akaushika upindo wa lile shali, akauvuta chini polepole mpaka uso wote wa Mama ukawa wazi, na macho yale, ambayo sikuwa nimeyaona vizuri sijui tangu lini, yalikuwa meupe kama maziwa yote mawili.

Mama akainua uso kumtazama Mehrangez. Alitabasamu kidogo, lakini akalielekeza tabasamu lile kwangu mimi, pale mlangoni.

"Niko huku, mama," akasema Mehrangez.